Leja ya Vilivyokosekana

Kwa miaka thelathini na mmoja mzee huyu alitunza stoo ya vipuri kwenye karakana ya mabasi, na muda wote huo alijulikana kwa mambo mawili: kumbukumbu na mdomo. Ukimuuliza gasketi ya injini fulani, alikutajia rafu, safu na idadi bila kufungua leja. Ila hukuondoka na gasketi peke yake. Uliondoka pia na habari za nani kahamishwa, nani kaposa, na kwa nini mkuu wa karakana kanuna tangu Jumatatu. Mafundi walimbatiza Mzee Stoo, na aliyetumwa kwake alijua kwamba safari ya dakika tano itakula nusu saa.

Mwaka mmoja baada ya kustaafu sauti yake ikaanza kukwaruza. Alidhani ni mafua, akanywa maji ya moto, akangoja yapite. Hayakupita. Hospitalini akaambiwa ana uvimbe mbaya kwenye koo, na kwamba njia ya uhakika ni kuondoa kisanduku chote cha sauti. Angeishi, daktari alisema, lakini angepumua kwa tundu dogo chini ya shingo, na kwa kinywa chake asingesema tena. Mzee aliuliza swali moja tu, kama atawaona wajukuu zake pacha wakianza shule. Alipojibiwa kwamba hilo linawezekana kabisa, akaomba kalamu akasaini.

Kwa hiyo alirudi nyumbani na uhai wake, kitambaa cheupe shingoni, na daftari dogo lililofungwa kamba pamoja na kalamu. Mkewe alikuwa amekwisha kufariki siku nyingi, naye aliishi na mwanawe, mkamwana wake na wale pacha wa miaka minne. Mwanawe alikuwa dereva wa lori la masafa marefu, wiki yuko barabarani, siku mbili yuko nyumbani. Daftari lilisaidia kwa mambo madogo: chumvi imezidi, nimemeza dawa, mtoto mmoja kaficha miwani yangu. Soga halikuliweza. Ukitaka kumchekesha mtu kwa kalamu, mpaka umalize kuandika, yeye kashahamia jambo jingine.

Lakini kilichomuuma kuliko vyote kilikuwa simu ya Jumapili.

Alikuwa na dada yake mkubwa aliyeishi mji mwingine, mwendo wa siku nzima kwa basi. Walizaliwa wawili tu. Dada huyo alikuwa ameshapoteza nuru ya macho, na kila Jumapili baada ya chakula cha mchana walipigiana simu wakazungumza mpaka sikio lipate joto. Sasa mmoja haoni na mwingine hasemi. Angemtumia ujumbe wa maandishi, ungesomwa na jirani, na kuna mambo ya ndugu wawili ambayo hayapitii kinywani mwa jirani. Jumapili ya kwanza tangu atoke hospitali alimpigia. Dada akaitikia, naye akagonga simu kwa ukucha, mara mbili, ajue ni yeye. Dada alijua. Alizungumza peke yake dakika kama tano, akauliza na kujijibu, kisha sauti ikamkatika.

"Mdogo wangu," alisema, "nisamehe. Naona kama nazungumza na ukuta."

Tangu siku hiyo mzee hakupiga tena. Dada yake ndiye aliyepiga, kila Jumapili saa ileile, na mzee aliketi akaitazama simu ikilia juu ya meza mpaka inyamaze.

Aliyeliona hilo alikuwa mkamwana wake. Watu walimwita Mama Pacha. Alikuwa fundi wa kompyuta kwenye chuo cha ufundi, kazi yake kuvuta nyaya darini, kuzibua printa zilizomeza karatasi, na kufufua mashine ambazo ofisi zimeshazitupa. Yeye na baba mkwe wake hawakuwa na ugomvi. Walikuwa na heshima, tena nyingi mno, kama kile kiti cha wageni ambacho kila mtu anakifuta vumbi na hakuna anayekikalia. Alimwamkia asubuhi, akamwekea chakula, akamwuliza kama amelala salama. Zaidi ya hapo hawakuwa na lao.

Jumamosi moja, saa nne asubuhi, mume akiwa safarini na watoto wakicheza uani, Mama Pacha aliweka kompyuta kuukuu juu ya meza ya kulia, akaomba ruhusa ya kuketi. Alieleza polepole, kama mtu aliyekwisha kulipanga neno lake njiani. Mtaalamu mmoja wa hospitalini, anayewasaidia waliopoteza sauti, alikuwa amemwambia kuna programu ya bure, unaandika nayo inasema kwa sauti. Kompyuta hii ilikuwa ya zamani, ndiyo maana aliiwekea mfumo wa bure uitwao Linux, ambao hauchagui mashine. Tatizo lilikuwa kwamba programu iliyokuja tayari na mfumo huo haikujua Kiswahili. Toleo jipya lilikijua, ila lilipatikana likiwa maandishi matupu ya waundaji wake, na ilibidi lijengwe hapahapa.

"Ni kama tofauti ya gauni na kitambaa, Baba," alisema. "Gauni la dukani limeshashonwa. Sisi tumepewa kitambaa na vipimo, tushone wenyewe."

Mzee alivuta daftari. Aliandika: *Cherehani unayo?*

Mkamwana akatabasamu. "Cherehani ninayo. Sina hakika kama uzi utatosha."

Akafungua dirisha jeusi kwenye kioo, akaandika amri, na mistari ikaanza kupanda. Mzee alivaa miwani. Kiingereza chake kilikuwa cha fomu na katalogi za vipuri, lakini hicho kilimtosha kuona kinachofanyika. Mashine ilikuwa inakagua. Inataja kitu, inaandika kipo. Inataja kingine, kipo. Kipo, kipo, kipo. Ilikuwa kama kuhesabu mali ya mwisho wa mwaka, na bila kujua mzee akaanza kutikisa kichwa kwa kila mstari. Kisha ikataja kitu na kuandika hakipo, na kila kitu kikasimama.

Mama Pacha akaguna. Kuna maktaba imekosekana, alisema.

Mzee akaandika: *Kompyuta inataka vitabu?*

Akaelezwa kwamba si vitabu. Hakuna programu inayofanya kila kitu peke yake. Zile kazi ambazo wengine wameshazifanya, inaziazima. Hii yao, kwa mfano, ilijua kutengeneza sauti lakini haikujua kuifikisha kwenye spika. Kuna watu wengine walioandika kipande cha kazi hiyo, kikaitwa maktaba, na jina la faili lake huanza na l, i, b. Bila kipande hicho programu haiwezi kujengwa.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Kisha aliandika kwa herufi kubwa, akapigia mstari: *HIZO SI MAKTABA. HIZO NI SPEA.*

Kwa mara ya kwanza tangu aolewe katika nyumba ile, mkamwana alicheka mbele ya baba mkwe wake bila kuziba mdomo.

Mtandao wa pale nyumbani ulikuwa wa kubahatisha, basi wakakubaliana kwamba yeye atachukua majina ya vilivyokosekana, avipakue chuoni siku za kazi, avilete kwenye flashi. Alitaka kuyaandika majina kwenye kiganja cha mkono. Mzee akamshika kifundo, akainuka, akaenda chumbani kwake. Alirudi na daftari kubwa jipya na rula. Akachora safu nne: jina la kitu, namba ya toleo, nani anakihitaji, kimepatikana au la. Akaandika la kwanza kwa mwandiko ule ambao mafundi wa karakana walikuwa wakiutania kwamba ni wa cheti cha ndoa.

Jumamosi ya pili flashi ilikuja na vitu vinne. Mkamwana aliviweka kimoja kimoja, mzee akavitia alama. Wakaendesha ukaguzi. Mstari uleule, kitu kilekile: hakipo.

Mama Pacha alishangaa. Alikuwa amekiweka kwa mikono yake mwenyewe, tena mashine ilikuwa imekiri kwamba kimewekwa. Akajaribu tena. Hakipo. Akazima mashine akaiwasha, jambo ambalo yeye mwenyewe huwacheka wanafunzi wakilifanya. Hakipo. Alishika tama, akasema hata haelewi alipokosea.

Mzee alilitazama lile jina kwa muda. Akakumbuka kitu cha kazini. Akaandika, na safari hii aliandika kirefu, na mkamwana akangoja bila kumchungulia. Aliandika kwamba dereva akija stoo kuomba pampu, unampa pampu, anaondoka. Lakini fundi anayetaka kuunda kibao cha kuifungia pampu hatosheki na pampu. Anataka na mchoro wake, ajue tundu la bolti liko wapi. Je, mashine hii imepewa pampu na mchoro, au pampu tu?

Mama Pacha alisoma mara mbili. Kisha akajipiga paji la uso. Alikuwa ameleta vifurushi vya kutumia, havikuwa vya kujengea. Kila maktaba ina pacha wake mwenye maandishi yanayoieleza programu nyingine jinsi ya kuishika, na jina la pacha huyo huishia na herufi d, e, v. Alilijua jambo hilo, alisema, alifundishwa, ila kazi yake ya kila siku ni nyaya na printa na lilikuwa limelala. Mzee akaongeza safu ya tano kwenye leja: *mchoro*.

Wakaenda hivyo. Cha kwanza kilipokubali, cha pili kikadai. Cha pili kilipokubali, kikataka cha tatu, na cha tatu kikasema kwamba yeye haketi na yule wa kwanza mpaka huyo awe wa toleo jipya zaidi. Kuna jioni mkamwana alirudi kutoka kazini akamkuta mzee amechora mishale kwenye ukurasa mzima, nani anamtaka nani, mfano wa ukoo wenye ndoa za kuoana binamu. Chini alikuwa ameandika: *Hawa wawili wanamtaka mmoja, kwa namba tofauti. Mchukue mkubwa, mdogo atamkubali.* Na kweli alikubali.

Wakati huo pia yalianza mambo mengine madogo. Mama Pacha alizoea kufika, kuweka mkoba chini na kueleza ya kazini kabla hata ya kunawa: mkuu wa chuo aliyemwaga chai kwenye kibodi akadai ni kirusi, mwalimu aliyeripoti kwamba kompyuta yake imekufa kumbe haikuchomekwa. Mzee alicheka. Kicheko chake kilikuwa hakina sauti tena, ni mabega tu na pumzi iliyopuliza kitambaa shingoni. Watoto waliiga yale mabega, na nyumba nzima ikawa inacheka bila sauti.

Maktaba moja haikupatikana kama kifurushi popote, ile ya kuharakisha au kupunguza mwendo wa usemi. Hiyo nayo ililazimu kujengwa kutoka kwenye maandishi yake, na mkamwana akaijenga siku ya Ijumaa baada ya kazi. Jumamosi ya tano, mchana, leja ikawa imejaa alama za vema kutoka juu hadi chini. Akaandika amri ya kujenga. Mistari ikapanda kwa robo saa, mirefu, haraka kuliko jicho, na wote wawili wakakaa mikono mapajani kama watu walio kwenye foleni ya daktari. Ikafika mwisho bila kosa hata moja.

Mama Pacha alivuta pumzi, akaandika jina la programu na neno moja la Kiswahili, akabonyeza.

Kompyuta haikusema kitu. Iliandika mstari mmoja: imeshindwa kufungua maktaba ya mwendo, faili hilo halipo.

Uani pacha walikuwa wakigombania ndoo. Simu ya mkamwana ikaita, alikuwa mumewe kutoka barabarani, na alipoambiwa imefikia wapi akasema kwa wema kabisa kwamba labda sasa watu wapumzike, siku akipata nafasi ataulizia njia nyingine mjini. Mzee alisikia. Akavuta daftari dogo, akaandika, akalisukuma mbele ya mkamwana: *Wanao wanakuhitaji kuliko hiki kisanduku. Umechoka. Acha.*

Mama Pacha alisoma. Aliweka kidole juu ya neno *umechoka*.

"Baba," alisema, bila kupandisha sauti, "ukisema niache, nitaacha. Lakini sema wewe ndiye uliyechoka. Mimi usinisemee."

Ilikuwa ni mara ya kwanza kwa mkamwana kumjibu hivyo. Mwenyewe alitishika na maneno yake, akainamisha macho. Mzee aliweka kalamu chini. Kisha akainuka akaenda bafuni.

Alinawa uso kwa uangalifu, maji yasiingie tunduni. Akajitazama kwenye kioo. Alikuwa amechoka, kweli. Amechoka kutumaini, maana kila Jumamosi alikuwa ameshatunga kichwani atakachomwambia dada yake kesho yake, na kila Jumapili aliitazama simu ikilia. Alikuwa anaogopa kwamba hata programu ikisema, dada yake hataijua. Na kwa kuwa mwoga hapendi kujiita mwoga, alikuwa ametafuta mtu mwingine wa kumsingizia uchovu.

Akiwa anajifuta, likamjia jambo la zamani. Mwaka fulani karakana ilikaa wiki nzima mabasi saba yamesimama kwa kukosa pedi za breki. Kila fundi aliyekuja dirishani alijibiwa hakuna. Na pedi zilikuwepo. Zilikuwa zimefika siku ambayo yeye alikuwa msibani, msaidizi wake akazipanga vizuri kabisa ndani ya kontena jipya nyuma ya jengo, lakini kontena lenyewe lilikuwa bado halijaandikwa kwenye orodha ya rafu. Aliyetafuta alitafuta kwa kufuata orodha. Orodha ilisema rafu kumi na mbili, naye akakagua kumi na mbili kwa uaminifu wote, akajibu kweli tupu kama alivyoiona.

Alirudi mezani na taulo begani. Kwanza aliandika mstari mmoja: *Nimechoka mimi. Nisamehe.* Akampa muda wa kuusoma. Kisha chini yake: *Uliiweka wapi? Na yeye anatafuta wapi?*

Mama Pacha alijibu swali la kwanza haraka. Vifurushi vya kawaida huenda kwenye folda kuu za mfumo. Ile ya mwendo aliijenga mwenyewe, na kitu unachojenga mwenyewe huenda pembeni, kwenye folda iitwayo local. Alikwenda kuangalia, na faili lilikuwepo, limekaa pale kwa jina lake kamili. Swali la pili lilimchelewesha. Alifungua orodha ambayo mfumo huisoma kila unapotafuta maktaba, akashusha kidole mstari kwa mstari. Kulikuwa na folda nne. Ile ya pembeni haikuwemo.

Akageuka akamtazama mzee. Mzee alikuwa ameshaanza kutikisa mabega.

Mkamwana aliongeza mstari mmoja kwenye orodha ile. Kisha akaandika amri ya ldconfig, ambayo kazi yake, alieleza, ni kuuambia mfumo ukahesabu upya rafu zake zote na kuandika leja nyingine. Ilichukua muda wa kupepesa jicho. Akarudia ile amri ya kwanza, ya programu na neno moja.

"Karibu," kompyuta ikasema.

Ilikuwa sauti mbaya. Ilikuwa kama mtu aliyejifungia ndani ya pipa, asiyejua kuuliza wala kushangaa. Lakini ilikuwa Kiswahili, na pacha waliacha ndoo wakaja mbio mlangoni kuuliza nani kaja. Mama Pacha alifunika uso kwa viganja. Mzee akaisogeza kibodi upande wake, akatafuta herufi kwa kidole kimoja, na baada ya muda mrefu kompyuta ikawaambia watoto wale: "Nipeni miwani yangu."

Siku ya pili, baada ya chakula, hawakungoja dada apige. Mama Pacha aliweka simu kwenye spika karibu na kompyuta, akampigia, kisha akakaa pembeni. Dada aliitikia. Mzee alikuwa ameshaandika salamu yake mapema.

"Shikamoo dada," kompyuta ikasema. "Ni mimi."

"Sitaki kujiunga na chochote," dada akajibu, akakata.

Walitazamana. Mkamwana aliuma mdomo kuzuia kicheko. Wakapiga tena, na kompyuta ikaanza kusema usikate, na kabla haijamaliza neno hilo dada akawa ameshakata. Mzee akainua kidole: ngoja. Aliandika kwa dakika tatu, akafuta, akaandika upya. Kisha akaashiria apigiwe.

"Redio ya baba uliivunja wewe," kompyuta ikasema mara tu simu ilipopokelewa. "Nikapigwa mimi. Hadi leo hujaniomba radhi."

Hawakusikia mlio wa kukatwa, walisikia pumzi.

"Nani kakwambia hayo?" dada akauliza.

Vidole viwili vilihangaika juu ya kibodi. "Nilikuwepo. Makalio yalikuwa yangu."

Upande wa pili kulisikika kitu kama kiti kikivutwa. Dada alikuwa akicheka, halafu hakuwa akicheka, halafu alirudi akicheka tena na kujipenga kamasi. Kisha dada akauliza mbona sauti yenyewe kama debe.

"Ndiyo iliyokuwepo stoo," akajibiwa.

Walizungumza saa nzima na zaidi. Mwanzoni dada alikuwa akijaza kimya kwa maneno, kama alivyofanya ile Jumapili ya ukuta, lakini baadaye alisikia tiki tiki ya kibodi, akauliza ni nini, na alipojua akanyamaza kungoja. Alikuwa na mengi: paa la nyumba, goti lake, jirani aliyekuwa akimsomea jumbe na kuziongezea chumvi. Akamwomba radhi kuhusu redio. Akasema pia jambo ambalo mzee alibaki akilitazama kwenye simu kana kwamba limeandikwa pale. Alisema kwamba miezi ile yote hakuwa akipiga ili ajibiwe. Alikuwa akipiga ili mdogo wake aisikie tu ikilia, ajue kuna mtu upande wa pili.

Mzee aliweka vidole kwenye kibodi, akaviondoa, akaviweka tena. "Niliisikia," kompyuta ikasema. "Kila mara."

Walipoagana, Mama Pacha hakuwepo tena chumbani. Alikuwa ametoka kimyakimya zamani, akiwaachia ndugu nafasi yao. Dirishani mzee aliona wingu limejikusanya, na mkamwana yuko uani, mgongo umeelekea nyumba, anawafunga watoto viatu. Nguo zilikuwa bado kambani.

Kwa miezi minane, mtu aliyetaka kujua mzee anasema nini ilimbidi aache shughuli yake, aje mpaka alipo, ainame kwenye daftari. Yeye mwenyewe alikuwa amejizoeza kutosema mengi, ili watu wasisumbuke kuja. Sasa alipandisha sauti ya spika mpaka mwisho, akaandika.

"Mama Pacha," kompyuta ikapaza kupitia dirishani. "Mvua inakuja."

Mkamwana hakugeuka hata kugeuka. "Nimeiona, Baba," akaitikia kwa sauti, kama watu wa nyumba moja wanavyoitikiana. "Namaliza kiatu hiki naanua."

"Na soksi zangu."

"Zimeshaingia tangu mchana."

Mzee alifikiri. Hakuwa na kingine cha maana cha kusema. Akaandika hata hivyo, kidole kimoja kimoja, na matone ya kwanza yalipoanza kugonga bati, kompyuta ikauliza shuka je, na kutoka uani, katikati ya mbio na kelele za watoto, ikajibiwa kwamba shuka nazo zinakuja, Baba, zinakuja.